Kiyoyozi cha Mke Mwenza

“Ukitoboa hapo, nitoboe na mimi,” baba alisema, na akaweka kiganja chake juu ya dashibodi, pale pale ncha ya drili ilipokuwa imeelekea.

“Baba, toa mkono.”

“Siutoi.”

“Gasketi, zima hiyo drili.”

Mdogo wangu akaizima. Kila mtu anamwita Gasketi, hata mke wake, kwa sababu tangu utotoni kazi yake ni kukaa katikati ya vyuma viwili, mimi na baba, na kubanwa ili moshi usitoke nje. Ni fundi magari. Tulikuwa gerejini kwake, banda la mabati lenye sakafu nyeusi kwa mafuta, na ugomvi ule tulikuja nao kutoka nyumbani, kwenye chai ya asubuhi.

“Dashibodi hii ni mbao tupu,” baba alisema. “Haijaguswa tangu itoke kiwandani. Ninyi mnataka kuifanya chujio.”

“Matundu mawili tu,” nikasema. “Hata pua ina mawili.”

“Pua ilizaliwa nayo.”

Gasketi akaangalia pembeni ili asicheke. Nilimwona.

Gari lenyewe ni kuukuu kuliko mimi. Limeviringana kama mkate, lina taa mbili kubwa za mshangao na meno ya kung'aa mbele. Marehemu mama alikuwa akiliita Mke Mwenza. Alisema mume wake hajawahi kuosha sahani hata moja, lakini yule mwenzake anaogeshwa kila Jumapili, tena kwa maji ya vuguvugu. Jina likabaki. Mpaka leo ukiuliza baba yuko wapi, watoto wangu watakujibu bila kupepesa macho kwamba babu yuko kwa Mke Mwenza.

Msimu wa joto uliopita baba alizimia ndani yake. Alikuwa kwenye foleni, jua la mchana limelala juu ya paa la chuma, kichwa kikaangukia usukani na honi ikapiga bila kukoma. Watu waliokuwa mbele walidhani mzee ana haraka, nao wakamjibu kwa honi zao. Hatujui alikaa hivyo kwa muda gani. Daktari akasema ni moyo. Akampokonya usukani, akampa vidonge, akamkataza kukaa kwenye joto, akamtaka kliniki kila mwezi ili dozi irekebishwe.

Baba akakubali kuacha usukani. Hilo lilinishangaza. Lakini kliniki hataki kwenda kwa gari jingine lolote, na Mke Mwenza jua likiwaka ni jiko. Teksi anasema ni chumba cha mtu mwingine. Gari langu la kazini anasema linanuka bucha. Kliniki ya mwezi uliopita hakwenda. Daktari alinipigia mimi, akasema neno moja ambalo nimelibeba tangu siku hiyo: dozi ile bila kupimwa inaweza kumwangusha kuliko ugonjwa wenyewe. Kliniki nyingine ilikuwa Alhamisi ya wiki ile. Kwa hiyo ama Mke Mwenza apate kiyoyozi, ama baba akae nyumbani tumtazame.

Na kiyoyozi ni kazi yangu. Nina diploma ya majokofu na viyoyozi, na kwa miaka mingi nimefunga na kutengeneza vyumba vya baridi vya mabucha, vya hospitali, vya wauza maua. Kutia baridi ndani ya sanduku nakujua. Gari ni sanduku lenye magurudumu.

Nilivua viatu, nikalala chali sakafuni mwa gari, kichwa chini ya dashibodi, na tochi mdomoni. Ukitaka kumaliza ubishi na baba yangu, usibishane naye. Tafuta njia ambayo hajaikataa bado. Nikaiona. Kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na miguu ya abiria kulikuwa na matundu ya kiwandani yaliyozibwa kwa vizibo vya mpira. Yalikusudiwa mabomba ya hita, kwa wateja wa nchi za baridi. Huku kwetu hakuna aliyewahi kuyahitaji.

“Mabomba yatapita hapa,” nikasema nikitoka. “Na kile kisanduku cha ndani kinachopuliza tutakining'iniza chini ya dashibodi, kwenye bolti zake za zamani. Mbao hazitaguswa. Siku ukikichoka, unafungua bolti, gari linarudi kama lilivyokuwa.”

Baba alinitazama, akamtazama Gasketi, akalitazama gari.

“Basi fanyeni,” akasema.

Akavuta kiti chake, kile cha kuzunguka alichokuwa akiwakalishia wateja wa studio yake ya picha, akakaa chini ya kivuli, akakunja mikono.

Hapo ndipo nilipaswa kushtuka. Nimelea watoto watatu. Mtoto akipiga kelele chumba cha pili, endelea na kazi zako. Akinyamaza ghafla, kimbia, kuna kitu kinamwagika.

Lakini kazi ilikuwa tamu, nikasahau. Kompresa, ile pampu ya kuzungusha gesi, tulipata ndogo, ya mtumba, safi. Gasketi aliichomelea mguu wa bamba zito, akaifunga ubavuni mwa injini ili mkanda uizungushe. Alipanga puli kwa kuzichungulia kwa jicho moja kama mtu anayelenga shabaha, na mimi nikamlazimisha atumie rula, na rula ikasema jicho lake lilikuwa sawa, na akanikumbusha jambo hilo mpaka jioni. Kondensa, ule wavu wa mabomba unaotupa joto nje, ilikaa mbele ya redieta, nyuma ya yale meno ya kung'aa. Mbele yake tukafunga feni ya umeme ya kusukumia hewa. Gasketi akavuta nyaya: mwekundu kwenye moto, yaani unakotoka umeme, mweusi kwenye bodi ya gari.

Baba alitazama nyaya zile kwa makini. Akakohoa kidogo.

“Vipi, baba?” nikauliza.

“Vumbi.”

Na muda wote huo watu walikuwa wakipita nje ya geti, na kila aliyepita alimsalimia. Ni lazima nieleze salamu ile. Baba alikuwa na studio ya picha hapa mtaani tangu enzi za filamu mpaka simu zilipomfungia mlango. Picha za vitambulisho, za mahafali, za ndoa, za watoto wanaolia, zote alipiga yeye. Hakuna uso wa mtaa huu ambao hakuwahi kuuambia “kidevu juu” kabla hajabonyeza. Sasa wao ndio humwambia. Anapopita na gari polepole, kiwiko dirishani, wanainua videvu na kusema, “Kidevu juu, mzee.” Naye hujibu, “Usipepese.” Basi. Hiyo ndiyo salamu, na anaitoa mara nyingi kiasi kwamba safari ya kununua mkate humchukua nusu ya asubuhi.

Alhamisi asubuhi nikavuta hewa kwenye mabomba kwa pampu, nikasubiri kuona kama kuna mahali panapovuja, hapakuvuja, nikajaza gesi. Gasketi akawasha injini. Mimi nikazungusha kitufe. Kompresa ikanasa kwa mlio wake mdogo, feni ya mbele ikanguruma, na kutoka chini ya dashibodi ikaja hewa ya baridi, baridi ya kweli.

“Dada, wewe ni mchawi,” Gasketi akasema.

Hata hajafunga mdomo, baridi ikaanza kupungua. Ikawa upepo mtupu. Kisha ikawa pumzi ya mtu mwenye homa. Nikatazama geji yangu, mshale wa upande wa shinikizo kubwa ulikuwa unapanda kama mtu anayekimbia mbwa. Injini ikaanza kulalamika.

“Zima.”

Tukazima. Tukatazamana. Baba alikuwa akizunguka na kiti chake polepole, kushoto, kulia.

“Gesi imezidi,” Gasketi akasema.

“Haijazidi. Nimeipima.”

“Basi imepungua.”

“Ikipungua mshale hauwezi kupanda hivyo. Kaa kimya nifikiri.”

Nikajiambia niwaze kama niko kazini. Chumba cha baridi cha bucha kikifanya hivi, ninatazama kwanza kama joto linapata njia ya kutoka. Nikawasha tena, nikachukua jagi la maji, nikamwagia kondensa. Mshale ukashuka papo hapo na ndani baridi ikarudi. Maji yalipokauka, ukapanda tena.

Kwa hiyo mabomba ni mazima, gesi ni sawa, kompresa ni nzima. Kinachokosekana ni upepo. Lakini feni ilikuwa inazunguka mbele ya macho yangu, inanguruma kama imelipwa kwa kelele. Nikainama, nikaitazama. Feni ya injini iko nyuma ya redieta na inavuta hewa kuingia. Feni yetu iko mbele na inasukuma hewa kuingia. Zinasaidiana. Vipi basi upepo ukose?

“Nipe karatasi,” nikasema.

Gasketi akanipa kipande cha gazeti alichofutia spana. Nikakipeleka karibu na meno ya gari, nikitegemea kivutwe na kunasa pale. Karatasi ikanipiga usoni.

Nikaichukua, nikairudisha. Ikanipiga tena.

“Inapuliza nje,” Gasketi akasema.

“Naona.”

“Feni mpya, dada. Haijawahi kutumika.”

“Si mbovu. Inazunguka nyuma.”

Feni mbili, moja inavuta ndani, moja inasukuma nje, na hewa katikati yao haijui iende wapi. Kama baba na mimi. Nilisikia kiti cha baba kimeacha kuzunguka.

Nikachukua mita. Ncha nyeusi nikaigusisha bodi, nyekundu nikaigusisha fyuzi, kama unavyopima gari lolote duniani. Mita ikaniandikia alama ya kutoa mbele ya namba. Nikadhani nimeshika vibaya. Nikarudia. Kutoa.

“Betri ya gari hili iko wapi?”

“Chini ya kiti cha nyuma,” Gasketi akasema. “Sijawahi kuiona. Unajua mwenyewe, Mke Mwenza baba anamtengeneza kwa mkono wake. Mimi naruhusiwa magurudumu.”

Nikang'oa kiti cha nyuma. Betri ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa cheusi cha studio, kimekunjwa vizuri kama shuka la hoteli. Nikakitoa. Waya mnene wa chanya ulikuwa umefungwa kwenye bodi ya gari kwa bolti, na umepakwa grisi safi, grisi ya juzijuzi.

Magari yote tuliyoyazoea hufunga hasi kwenye bodi. Hili lilizaliwa zamani, wakati baadhi ya watengenezaji walifanya kinyume chake. Kwa hiyo Gasketi alipofunga mwekundu kwenye moto na mweusi kwenye bodi, kama kila gari alilowahi kufungua lilivyomfundisha, alikuwa anaiamuru feni irudi nyuma. Ile ya ndani pia, ila feni ya aina yake ikizunguka nyuma bado hupuliza, kinyonge tu. Sumaku inayoinasisha kompresa haichagui chanya wala hasi, ikanasa kama kawaida na kutudanganya kwamba mambo ni mazuri.

Na kulikuwa na mtu mmoja chini ya bati lile aliyeyajua hayo yote.

“Ulijua,” nikamwambia.

“Gari hili ninalo tangu kabla sijakupata wewe,” baba akajibu. “Nisijue?”

“Ulimtazama Gasketi anafunga nyaya. Ukakohoa.”

“Vumbi lilikuwepo.”

“Baba, kwa nini hukusema?”

“Hakuna aliyeniuliza. Mliuliza mahali pa kutoboa.”

Nikafungua mdomo. Gasketi akaingia katikati upesi, ameshika kikombe. “Dada, chai hii itapoa.”

“Inywe wewe.”

Lakini swali lilikuwa na nguvu kuliko hasira. Nilikuwa nimekwisha kujua kwa nini feni inarudi nyuma. Sikujua kwa nini mtu ambaye moyo wake umemwangusha kwa joto akae kwenye kiti siku nne, atazame watoto wake wakivunja migongo, na aombe kimoyomoyo baridi isije. Mbao za dashibodi zilikuwa salama. Usukani alikwisha kuuacha. Alikuwa anaogopa nini?

“Sawa,” nikasema. “Sasa nauliza. Una nini na kiyoyozi?”

Baba akainuka kwenye kiti chake. Akaufungua mlango wa abiria.

“Ingia. Kaa hapa ninapokaa mimi siku hizi. Pandisha kioo.”

Nikaingia. Nikazungusha ule mkono wa chuma mpaka kioo kikafika juu. Nikapandisha na cha upande wa pili kabla hajaniambia, mazoea ya kazi. Injini ilikuwa bado inanguruma. Baba akaufunga mlango, akarudi nyuma hatua chache, akasimama mkabala nami kama mtu anayepanga picha.

Nje ya geti akapita fundi viatu wa kona ile, na baiskeli yake mkononi. Akamwona baba. Akainua kidevu, midomo yake ikaenda. Midomo ya baba ikaenda pia. Kisha fundi viatu akaongeza kitu, akielekeza kidole kwenye gari, na baba akainama kwa kicheko akishika magoti. Gasketi naye akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Mimi nikasikia injini tu.

Nikashusha kioo.

“Mmecheka nini?”

“Ulikuwa ndani,” baba akasema.

“Si uniambie sasa.”

“Imeshapita, mama.”

Nikamgeukia Gasketi. Akatikisa kichwa, machozi ya kicheko bado yako machoni. “Ukisimuliwa haichekeshi, dada.”

Mpaka leo sijui fundi viatu alisema nini.

“Kiyoyozi kinataka vioo vifungwe,” baba akasema, taratibu sasa, bila ubishi. “Wewe mwenyewe kila mahali unapofunga mashine zako unabandika karatasi kubwa, FUNGA MLANGO. Usukani mmechukua, sawa, nimekubali, moyo wenyewe ndio ulioharibu. Kimebaki kioo. Mkikipandisha, nitapita mtaa wangu kama maiti anayepelekwa.”

Injini ikaendelea.

Kazi kwanza. Nikamwambia Gasketi azime, nikabadilisha nyaya za feni ya mbele, kisha za ile ya ndani, nikazifunga kwa utepe wa umeme. Nikawasha. Nikapeleka karatasi kwenye meno ya gari, ikavutwa, ikanasa, ikatulia kama tangazo ukutani. Mshale wa geji ukapanda kiasi, ukasimama pale ninapoutaka, ukakaa. Ndani ya gari baridi ikaja na haikuondoka. Gasketi akaingiza kichwa, akafumba macho.

“Umeme utatosha?” nikamuuliza baba. Safari hii niliuliza mapema.

“Dinamo ni ya zamani. Mchana itabeba. Usiku ukiwasha taa, zima kiyoyozi.”

“Na kwenye foleni?”

“Foleni fupi betri itasaidia. Foleni ndefu ongeza mafuta kidogo, injini isilale.”

“Ndiyo hayo. Kumbe unasema vizuri ukitaka.”

“Nikiulizwa.”

Muda wa kliniki ulikuwa umekaribia. Nilifuta mikono, nikaweka vidonge vyake na kadi yake kwenye mkoba wangu. Baba alikuwa amerudi kwenye kiti chake cha kuzunguka.

“Ingia garini,” nikasema.

“Nimekwisha kukueleza.”

“Nimesikia. Ingia.”

“Siwezi kupita pale kwa...”

“Baba, nisikilize, kwa sababu sitarudia. Kutoka hapa mpaka barabara kuu, kioo chako kiko chini. Mtaani hakuna foleni, gari linatembea, hutapikika. Tukigusa barabara kuu, kinapanda, kwa sababu pale ndipo ulipoangukia na pale hakuna unayemjua. Kurudi, vivyo hivyo. Kiyoyozi kitakuwa kinafanya kazi muda wote, kikutangulizie baridi.”

“Baridi yote si itatoka nje?”

“Itoke.”

Gasketi alinitazama kama aliyemwona mwenye bucha akigawa nyama bure. Nilizunguka upande wa abiria, nikashika ule mkono wa chuma mwenyewe, nikakishusha kioo mpaka kikazama chote mlangoni. Kisha nikaenda kukaa kwenye usukani, nikasubiri.

Baba aliinuka. Akakung'uta suruali. Akaingia, akafunga mlango kwa ule upole anaompa Mke Mwenza peke yake, akaweka kiwiko dirishani.

Tulitoka getini polepole. Baridi ilinigonga magoti, ikampita yeye, ikatoka kwenda kwa jirani. Kila mita ya safari ile ilikuwa dhambi dhidi ya diploma yangu. Mama muuza mkaa akainua kidevu. “Kidevu juu, mzee. Umefufuka?” Baba akasema, “Usipepese.” Msusi akatoka mlangoni na kitana kichwani. Kidevu juu. Usipepese. Kwenye kona, fundi viatu akaleta mkono mpaka dirishani, akausikia ule upepo, akaurudisha haraka.

“Mzee, humo ndani mna nini?”

“Mke Mwenza amekasirika,” baba akasema. “Amenuna.”

Hilo nililisikia. Nikacheka mpaka nikakosea gia.

Kisha barabara kuu ikaonekana mbele yetu, magari yamesimama mkia kwa mkia na jua likitetemeka juu ya mapaa yao. Nilishika usukani na kutazama mbele.

Baba akaondoa kiwiko. Akauzungusha mkono wa chuma mpaka mwisho, akapitisha kidole juu ya kioo kuhakikisha hakuna upenyo, akaegemea kiti.

“Funga mlango,” akasema, kama zile karatasi zangu za kazini.

Nikaongeza kiyoyozi, nikaingia kwenye foleni.